Gia ya Kwanza Mpaka Mutsamudu

Leo nimeumbuka, jamaa zangu. Nimeumbuka mchana kweupe, mbele ya mji mzima wa Mutsamudu, wapagazi wa bandarini wakishuhudia. Nawaandikia nyinyi wa mtaa wetu wa Magudju kabla habari haijavuka maji ikafika Moroni imetiwa chumvi. Haihitaji chumvi hii. Ilivyo yenyewe inatosha kunizika.

Mnanijua. Mimi ni Mmadi yule yule, dereva wa yule Mfaransa mzee wa ofisi ya barabara, aliyekuwa hawezi kulala kitandani. Usingizi wake ulikuwa garini. Akishakula mchana, anajilaza kiti cha nyuma, kofia usoni, ananiambia nizunguke tu. Kazi yangu ilikuwa moja: asiamke. Gia ikikwaruza, anaamka. Akiamka, ananitukana kuanzia mimi mpaka kwa bibi yangu.

Hapo ndipo nilipojifunza gia. Gia, jamaa zangu, si kazi ya mkono, ni kazi ya sikio. Unaisikiliza injini. Ikianza kunung'unika, unaondoa mguu kwenye mafuta, unakanyaga klachi mpaka chini, unaitoa gia taratibu, unaipumzisha pale katikati pumzi moja, kisha unaiingiza bila kuilazimisha. Halafu mguu wa klachi unapanda na mguu wa mafuta unashuka, kwa pamoja, hakuna anayemsukuma mwenzake. Ukiweza hivyo, gari halibadilishi gia. Linabadilisha mawazo tu. Na aliyelala nyuma anaendelea na ndoto zake.

Kwa hiyo nilizoea hivi: nyuma kukiwa kimya, nimefaulu. (Hilo lishikeni, ndilo lililonimaliza.)

Mengine mnayajua. Uhuru ukaja, Wafaransa wakaondoka kwa haraka ya mtu aliyesahau chungu jikoni, mzee wangu akaondoka nao, sijui sasa analala wapi. Kisha ikaja serikali ya mapinduzi, sote wa maofisini tukaambiwa twende nyumbani, nchi inaanza upya. Nami nikaanza upya. Nikavuka kuja kisiwa hiki cha Nzuani kwa binamu yangu, ambaye ana gari dogo la Kifaransa, lile ambalo gia yake inachomoza kwenye dashibodi mfano wa mkono wa mwavuli. Nalipeleka Patsy, huko mlimani, na kulirudisha bandarini Mutsamudu kutwa, teksi ya kuchangia, anayesimamisha anapanda. Stata imekufa, hivyo injini siizimi ila penye mteremko. Lakini gia! Gia zake ni siagi.

Na huku ndiko nilikomwona Mwanaesha.

Nitasemaje? Alipanda garini siku moja na kapu la karafuu mbichi mapajani. Tukawa tunapandisha, ukungu wa Patsy unashuka kutulaki, milangilangi imechanua pande zote mbili, na mimi nikashusha gia kutoka ya tatu kuingia ya pili kwenye kona kali. Hakuna karafuu iliyoanguka. Akasema peke yake, bila kumsemesha mtu, "Leo sikuchafukwa." Basi. Tangu siku hiyo nampenda. Nikilala namwota, nikiamka naendelea pale nilipokatizwa.

Lakini mimi ni nani? Mtu wa Ngazija, kisiwa kingine, dereva, gari si langu. Na Mutsamudu, mnajua, watu wana mji wao. Nyumba ni ya mwanamke, mume anapokelewa tu, na kabla ya kupokelewa anapimwa. Mapinduzi yamepiga marufuku harusi kubwa, ngoma, maandamano, karamu za kufilisi ukoo, na wenye mifuko mitupu kama mimi tunasema alhamdulillahi. Ila mapinduzi hayakumpiga marufuku mama mzazi. Wala mjomba. Kwao neno la mwisho ni la mjomba, kaka wa mama, naye huyu ni Fundi Bakari, mwalimu wa dini, anakaa Patsy. Sijawahi kumwona. Sifa zake nilizisikia, na hazikunipa usingizi.

Wiki iliyopita mama yake Mwanaesha, Bweni Zaina (Bweni huku ni kama Bibi), akaniletea ujumbe. Anataka kwenda Patsy kwa kaka yake kuzungumza habari yangu. Mwanaesha atatangulia jana yake kusaidia kupika. Yeye mama nimpeleke mimi mwenyewe. "Nikifika tumbo limetulia," alisema, "tutaongea. Nikifika nimetapika, asijisumbue kushuka garini."

Jamani! Mtu anapimwa kwa elimu, anapimwa kwa ukoo, anapimwa kwa ng'ombe. Mimi nimewekewa mtihani wa gia! Nilicheka peke yangu chumbani. Nikaona Mungu amenipangia kila kitu tangu siku za yule mzee na kofia yake usoni.

Leo asubuhi nimeliosha gari mpaka likashangaa. Nikafika mlangoni kwake, kwenye vile vichochoro vya mji wa kale ambavyo gari haliingii, nikamsubiri kwenye uwazi wa nje. Akaja amejitanda shiromani yake nyekundu kwa nyeupe, kapu mkononi, harufu ya asumini ikatangulia. Vijana wa kamati ya mapinduzi wanasema wanawake waache kujitanda. Bweni Zaina ameshawajibu kwamba watakapomzaa wao, atawasikiliza.

"Kwezi, Bweni," nikamwamkia, macho chini.

Akaitika, akaketi nyuma. Na mimi hapo nikafanya jambo la adabu. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hata mtarajiwa. Sasa kuna kile kioo cha katikati cha kutazamia nyuma. Kila nikiinua macho, nitakutana na yake. Nikanyanyua mkono, nikakigeuza kioo kikatazama dari. Nikamsikia akiguna guno la kuridhika.

(Adabu. Adabu imewaua wengi kuliko homa.)

Tukaondoka. Wallahi sijawahi kuendesha vile. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, zinapishana kama watu wenye heshima mlangoni. Tukapita bandarini, wapagazi wakanipungia mikono. Hao nimewahi kuwatambia kwamba mimi ninaweza kubadilisha gia paka akiwa amelala juu ya boneti. Nikawapungia kidogo tu, kidole kimoja, kama mtu mwenye shughuli kubwa.

Tulipofika nyumba za mwisho kabla ya mlima kuanza, Bweni akasema, "Simama hapa. Kuna mzazi, mtoto ana siku tatu, sijampa hongera. Sikawii."

Nikasimama. Akashuka. Injini nikaiacha inanguruma.

Hongera ya wanawake, nyinyi mnaijua urefu wake. Jua lilikuwa limepanda, upepo unaleta harufu ya milangilangi kutoka juu, injini inabembeleza. Mikono kwenye usukani, macho mbele. Nikaanza kuota. Nikajiona nimeketi kwenye kile kibaraza cha ndani cha nyumba ya Mwanaesha, nimevaa kanzu mpya, mvua inapiga bati polepole, yeye ananimiminia chai, na chai inamiminika vile vile kama gia ya pili inavyoingia, bila sauti. Sikuwa nimelala. Ila sikuwa Nzuani pia.

Nikasikia mlango wa nyuma unafunguka. Kiti kikalalamika. Mlango ukafungwa.

Nikasema moyoni, amerudi. Sikugeuka. Kugeuka ni utovu wa adabu. Nikakanyaga klachi, ya kwanza ikaingia, gari likaondoka kwa ulaini ambao mpaka sasa, pamoja na yote yaliyonipata, nauonea fahari.

Nikasikia harufu ya papa mkavu. Nikajiambia, maskini, mzazi amempa zawadi.

Tukaanza kupanda. Kona ya kwanza, ya pili, ukungu huo unatuingia dirishani. Nyuma kimya. Kimya kabisa! Hatapiki, halalamiki, haguni. Moyo wangu ukajaa. Nikaona sasa ndio wakati, tuko wawili, mlima umetulia, niseme ya moyoni kabla hatujafika kwa huyo kaka yake.

"Mama," nikasema, "niruhusu nikuite mama."

Kimya. Kisha, "Mmh."

Ile "mmh" ilikuwa nzito kidogo. Ukungu, nikajiambia, umemkaa kooni.

"Mama, mimi sina ng'ombe, sina nyumba, na gari hili si langu. Lakini mwanao nampenda. Nampenda mpaka nikiendesha mtupu, bila abiria, nashusha gia polepole kana kwamba amekaa nyuma. Nitamtunza hivyo hivyo. Hatasikia mtikisiko maishani mwake."

"Mmh."

Nikapata moyo. Mtu akipata moyo kwenye mteremko wa maneno, breki hazishiki.

"Ninachoogopa ni kaka yako tu. Mimi simjui, mama, wala simsemi. Ni watu wanaosema. Wanasema Fundi Bakari ana roho ngumu kuliko jiwe la kusagia. Wanasema posa ikipelekwa kwake anatazama kwanza kilichomo kwenye sinia, akishiba ndipo anauliza jina la mchumba. Mimi nikawaambia, hapana, mtu wa dini hawezi kuwa mlafi kiasi hicho. Nilikosea, mama?"

Hapo nyuma pakawa na kitu kama kikohozi. Shanga za tasbihi zikagongana, cha, cha, cha, kwa kasi. Nikafurahi. Nikajua mama ananiombea dua.

Tukafika Patsy. Mawingu yamekaa juu ya mapaa, wanawake wamesimama uwanjani mwa nyumba ya Fundi Bakari, na kati yao, amejifunga leso ya manjano, Mwanaesha. Akaniona. Akatabasamu, kisha akatazama kiti cha nyuma, na tabasamu likakaa vile vile, halikujua liende wapi.

Mimi sikuelewa. Nililizima gari penye mteremko, nikashuka, nikazunguka, nikaufungua mlango kwa mkono wa kulia, wa kushoto nimeuweka kifuani, kichwa chini. "Karibu, mama. Tumefika salama."

Nikaona miguu. Miguu mikubwa. Ina nywele. Imevaa viatu vya makubadhi. Ikafuatiwa na kanzu, kisha mafungu mawili ya papa mkavu, kisha ndevu.

Yule mzee akasimama mbele yangu, akamalizia punje za mwisho za tasbihi, akajipangusa uso kwa viganja viwili, akashusha pumzi.

"Nilikuwa katika uradi," akasema. "Uradi haukatwi. Lakini leo, kijana, umenijaribu."

"Mzee... wewe ni..."

"Mimi ndiye jiwe la kusagia."

Wanawake wakaangua kicheko, kisha mmoja wao akauliza lile ambalo lilipaswa kuulizwa kwanza. "Na Bweni Zaina yuko wapi?"

Jamaa zangu! Nikatazama kiti. Kapu lake lilikuwepo, limeegemea mlango, asumini yake ndani. Mwenyewe hayupo. Nilimwacha kwa mzazi! Nimempandisha mlimani kaka yake aliyekuwa ametoka bandarini kununua kitoweo, ameona teksi imesimama, amepanda kama anavyopanda kila mtu, nami nimemposea mpwa wake kwa kumwita mama.

"Uliponiita mama," Fundi Bakari akaongeza, "nilijua si mzima. Nikaona salama yangu ni kuguna mpaka nifike kwangu."

Sikusubiri. Nilikuwa nimeshaliachia gari liteleze liwake nirudi mbio, ndipo lori la mawe likaingia kwa kelele zote za dunia, gia zinasagana, dereva wake anapigana nazo kama anachinja. Kwenye kiti cha mbele, kati ya dereva na utingo, amekaa Bweni Zaina. Shiromani imekuwa nyeupe kwa vumbi, hata pale palipokuwa pekundu.

Akashuka. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Nilitoka kwa mzazi," akasema, akimtazama kaka yake, si mimi, "nikaona gari linaondoka. Linaondoka kwa utulivu, nikadhani linasogezwa kivulini. Nikasimama nikingoja. Nikasimama mpaka wale wenyeji wakaniletea kiti."

"Bweni, nisamehe," nikasema, nimesharuka chini, gari linanguruma. "Nilisikia mlango. Sikugeuka kwa ajili ya heshima."

"Heshima ya nini, kama hujui aliyemo na asiyemo?" Sasa akanigeukia, na mimi macho chini, nikayasikia yake mpaka utosini. "Baba yake Mwanaesha naye aliondoka taratibu hivyo hivyo. Alikwenda Majunga, ng'ambo, kutafuta riziki. Hatukugombana, hakuna sahani iliyovunjika, mlango haukulia. Mpaka leo. Mimi sitaki tena mtu wa kuondoka polepole. Aje mwenye kelele, nimsikie akitoka."

Na aibu yote iliyotangulia ikawa si kitu, maana hapo nilimwona Mwanaesha anatazama chini, na kope zake zimelowa. Fundi Bakari akafungua mdomo, dada yake akamwinulia kidole, akaufunga.

"Narudi kwangu," akasema Bweni Zaina. "Kwa miguu."

"Dada, ni mbali."

"Ni mteremko."

Akachukua kapu lake garini, akaanza kushuka. Fundi Bakari akatazama papa wake, akamkabidhi mkewe, akamfuata dada yake. Mwanaesha akamfuata mama yake. Na mimi? Mimi niliingia garini nikaweka gia ya kwanza, nikawafuata.

Nifanye nini jengine? Kuwapita siwezi, kubaki siwezi. Gia ya kwanza, mguu haupo kwenye mafuta, injini inalishikilia gari lisikimbie, mwendo wa mama mtu mzima mwenye hasira. Kila kona nachungulia dirishani nasema, "Bweni, panda." Anakaza mwendo. Mwanaesha aligeuka mara moja tu. Sikujua maana ya kugeuka kwake. Lakini nilikwenda nako mpaka chini, mvuke wa ardhi unapanda baada ya manyunyu, leso ya manjano inaingia na kutoka kwenye ukungu mbele ya boneti, na nikawaza, hata kama yote yameharibika, nimepata kuisindikiza njia nzima. Ujinga wa mapenzi! Mtu anakataliwa naye anaona mandhari.

Tatizo ni kwamba njia ina watu. Wanawake waliotoka mashambani na makapu ya mihogo wakauliza, "Kuna nini?" Wakaambiwa, "Mchumba ameachwa, anafuata nyuma." Nani ataacha kitu kama hicho kipite? Wakajiunga. Wavuna milangilangi wakajiunga. Mmoja akaanza kugonga debe tupu. Mwingine, mshenzi kabisa, akaanzisha wimbo wa kumpeleka bwana harusi, kwa kunidhihaki, na wenzake wakaitikia. Tulipoingia Mutsamudu nyuma yangu kuna umati, mbele yangu kuna umati, na mimi katikati nimekaa kwenye gari lililooshwa, linakwenda pole kama jeneza.

Pii! Firimbi.

Ni kamati ya mapinduzi. Vijana wamesimama njiani mbele ya bandari, na mkubwa wao ni binti, kofia ya kijani, mikono kiunoni. Wapagazi wameacha magunia wamekuja kutazama. Wote. Wale wale.

"Maandamano ya harusi!" akasema yule binti. "Wimbo, debe, na bwana harusi kwenye gari! Hamjui kwamba mambo haya yamekwisha katika nchi hii? Gari linakwenda kamatini. Na mwenye harusi naye."

Gari la binamu yangu! Fundi Bakari alikuwa ameshatoa tasbihi yake, ameingia katika uradi mwingine. (Nilimwelewa. Hata mimi ningekuwa na uradi ningeingia.) Ilikuwa niseme ukweli: si harusi, nimekataliwa. Lakini nani angeamini kwamba watu wote hawa wanaimba kwa sababu mtu amekataliwa?

Ndipo Bweni Zaina akarudi nyuma hatua chache, akasimama kando ya dirisha langu, mkono juu ya mlango wa gari.

"Harusi gani, mwanangu?" akamwambia yule binti. "Huyu ni mkwe wangu. Ndiyo kwanza anajifunza gari. Sisi tumetangulia mbele kuwaondoa watu njiani asije akaua mtu."

Nikawasikia wapagazi wakimeza kicheko. Moja baada ya jingine maneno yale yakanifikia. Anajifunza gari. Mimi! Kisha yakanifikia yale yaliyotangulia. Mkwe wangu.

"Kweli?" binti akaniuliza, ameinama dirishani. "Wewe unajifunza?"

Nikatazama mbele. Mwanaesha amesimama, leso ya manjano, mikono ameifumba kifuani. Nikawatazama wapagazi, mashahidi wa sifa zangu zote. Nikamkumbuka yule mzee aliyelala nyuma kwa miaka bila kuamka.

"Ndiyo," nikasema. "Naanza."

"Basi badilisha gia, tuone."

Jamaa zangu, mnisamehe. Mkono ulikataa. Mkono huu haujui kufanya ubaya huo. Nikauambia, ni kwa ajili ya Mwanaesha. Nikaliondoa gari, nikaacha klachi ilivyo, sikuigusa, nikashika ule mpini nikausukuma kwa nguvu zangu zote kwenye gia ya pili.

KRRRRRRRRR!

Sauti ile ilisikika, nadhani, mpaka melini. Gari likalia, likatetemeka, likaruka mara moja kama chura aliyekanyagwa, likazima katikati ya njia. Mji mzima wa Mutsamudu ukapasuka kwa kicheko. Wapagazi walilaliana. Mmoja alikaa chini. Yule binti wa kamati naye akageuka ajifiche, mabega yanamtikisika, kisha akapuliza firimbi kwa shida.

"Lipitisheni balaa hili," akasema. "Na mama, mfundisheni mbali na watu."

Stata imekufa, mnakumbuka. Wakalisukuma. Wapagazi nyuma, huku wanauliza kwa sauti kama paka bado amelala. Bweni Zaina hakusukuma, alitembea kando ya dirisha langu akitazama mbele, uso wake mgumu, ila pembe ya mdomo ilikuwa na kazi kubwa ya kujizuia.

"Hiyo," akasema polepole, "nimeisikia."

Na mwanamke wa Mutsamudu akishamwita mtu mkwe hadharani, mbele ya bandari, halirudishi neno nyumbani. Fundi Bakari alimaliza uradi pale pale, akasema itakuwa Ijumaa, nikaha tu, bila ngoma, kama serikali inavyotaka. Akaongeza kwamba sinia si lazima. Kisha akasema, lakini si haramu. Na Mwanaesha alipopita dirishani kuingia kichochoroni kwao alicheka waziwazi, akijishika mbavu, na ni mara ya kwanza nimemsikia akicheka. Anacheka kwa kelele! Sikutegemea. Nimekaa nayo mpaka sasa, naisikiliza.

Basi njooni Ijumaa, jamaa zangu wote wa Magudju, na chekeni mkiwa bado huko Moroni, mmalize. Mkifika hapa mkaulizwa kama mnamjua dereva Mmadi, tafadhalini sana, semeni ndiyo kwanza anajifunza.